Tarehe Iliyozaliwa Ofisini

Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa kanisani Lubaga, nikijipepea kwa ratiba ya misa ya kumuaga Mama Zubeda, nilipoiona tarehe ile. Kwa kawaida ratiba za mazishi sizisomi, maana humo marehemu wote ni wapole na hawajawahi kugombana na jirani. Hii niliisoma kwa sababu ya joto na kwa sababu kwaya ilikuwa inaimba wimbo nisioujua. Chini ya picha yake waliandika alikozaliwa, alikobatizwa, jinsi alivyouza samaki Ggaba mpaka akawasomesha watoto wote, halafu mstari huu: mumewe Rajab, dereva wa polisi, aliondoka nyumbani tarehe 17 Julai 1986 na hakuonekana tena. Mkono wangu ulisimama hewani. Mwanamke aliyeketi kando yangu alinigeukia, nadhani nilitoa sauti. Tarehe hiyo naijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle kanisani, kwa kuwa nilikuwepo ilipozaliwa. Haikuzaliwa kambini wala barabarani. Ilizaliwa ofisini kwetu, ndani ya kompyuta, mchana mmoja baada ya chakula, miaka mingi baada ya Rajab kupotea, na mimi miaka hii yote nilikuwa nikiamini kwamba tuliifuta.

Mwaka ninaousema nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, Mkenya mwenye diploma ya kompyuta, sauti kubwa, na viatu pea moja vya heshima. Ya kwetu nyumbani nayaacha, hayana kazi hapa. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabati na rangi, kwenye mteremko wa Lubaga, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao nyembamba. Upande wa pili wa mbao walikaa mafundi cherehani, na siku nzima tulisikia habari za waume zao kwa Kiluganda, kwa undani ambao kama ningeolewa mwaka ule ningerudisha mahari. Kompyuta zetu zilifunikwa vitenge kukinga vumbi. Mchana mama wa chakula alipanda ngazi na matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba na mchuzi wa karanga, tukala juu ya meza zilezile za kazi, na kibodi yangu ilikuwa na kitufe kimoja kilichonata mchuzi mpaka nikaondoka pale. Shirika lilikuwa dogo. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za watu waliopotea wakati wa vita vya miaka ya themanini na baada yake, wengi wao askari na polisi wa kutoka kaskazini, na kuzipa familia zao kadi ya kumbukumbu, yenye jina la mtu na siku alipoonekana mara ya mwisho. Kadi ilikuwa kipande cha karatasi ngumu tu, lakini niliona watu wazima wakiipokea kwa mikono miwili na kuinama.

Mkubwa wetu aliitwa Bwana Kiwanuka, mwalimu wa hesabu wa zamani aliyejifunza programu mwenyewe. Nilimpenda, ingawa nilimtania mpaka akakasirika. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila alipokuja mfanyakazi mpya: mtu akikutajia mwaka tu, andika mwaka tu. "Usimubane, nyabo," alisema, akiniita bibi kwa Kiluganda. "Ukimubana atakupa siku yoyote, ili umuache aende nyumbani. Halafu itakuwa ni wewe umeitengeneza." Na kweli watu waliokuja kwetu hawakuhesabu kwa kalenda. Walisema mwaka wa njaa, walisema kabla ya Krismasi, walisema huyu mtoto alikuwa hajaota meno. Wakati mwingine mwaka wenyewe tuliupata kwa kusaidiana, wakati mwingine na mwezi ulipatikana, na siku yenyewe mara chache sana. Basi madaftari yetu yalijaa tarehe za kila sura: nyingine kamili, nyingine nusu, nyingine mwaka peke yake. Kompyuta ilizikataa zote zilizo pungufu, na kazi ikarundikana. Kwa hiyo Bwana Kiwanuka alipokuja na maktaba mpya, alikuja kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Maktaba kwa maana ya wenye programu ni kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, unaichukua na kuiingiza kwenye programu yako, nayo inakufanyia jambo moja. Hii yake ilikuwa ya kusoma tarehe na kuziandika upya kwa mpangilio mmoja. "Ukiandika kwa herufi, inaerewa," alituambia, r na l zikipokezana kinywani mwake kama kawaida, akipiga meza. "Ukiandika kwa namba, inaerewa. Talehe yoyote! Haikatai kitu." Tulipiga makofi, na mafundi cherehani upande wa pili wakapiga makofi pia bila kujua kwa nini.

Mama Zubeda alikuja mwezi huohuo, Julai. Alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka pande za Arua, Mkatoliki aliyeolewa na Mwislamu, mikono yake ikinuka moshi wa samaki hata baada ya kunawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya polisi, kile alichozungumza na mumewe, na alikitumia kwa fahari. Nilimuuliza mzee aliondoka lini. "Ile mwaka ya themanini na sita," alisema. Nikaandika mwaka. Sikumbana, lakini yeye mwenyewe aliendelea, macho yakiwa kwenye dirisha. "Mvua ilikuwa nanyesha, mtoto yangu. Mvua mingi. Mimi naweka buti yake karibu ya sigiri ya makaa ikauke, buti ikakataa kukauka. Wakamwita kwa lori. Yeye naenda na buti ya maji." Lori lilikwama kwenye matope pale langoni mwa kambi, akasema, wanaume wakalisukuma, na Rajab aliyekuwa kwenye usukani alichungulia dirishani akamcheka kwa sababu kanga yake ilikuwa imelowa yote. Mtoto wao Zubeda alikuwa mgongoni, bado ananyonya. "Siku gani, mimi hapana jua. Ningejua siku, ningeita watu, ningepika, sheikh angesoma. Mtu hapana siku, utalia yeye lini?" Nilimwambia kadi itakuja na mwaka tu. Alikubali kwa kichwa, akafunga kanga yake kiunoni, akaondoka.

Alirudi baada ya muda mfupi akipiga vigelegele kuanzia chini dukani. Wauza mabati walitoka nje kumtazama. Aliingia na kadi mkononi na furushi la samaki wa kukaushwa kwapani, akapiga magoti sakafuni mbele ya Bwana Kiwanuka, mwanamke wa umri wake, na mzee wa watu akaruka kitini kwa aibu. "Mumepata siku! Mumepata siku ya mume yangu!" Kadi ilisema tarehe 17 Julai 1986. Nilishangaa sana. Siku kadi zilipopigwa chapa nilikuwa nimetumwa mjini, nikadhani Bwana Kiwanuka aliipata siku hiyo kwa polisi. Baadaye niligundua kwamba yeye naye alidhani mimi ndiye niliyeipata. Tulikula samaki wale kwa wiki nzima, na kila mmoja alikuwa anampongeza mwenzake kimoyomoyo.

Novemba alinialika kwake Namuwongo, karibu na reli, nyumba ya chumba kimoja iliyogawanywa kwa pazia. Nilipoingia tu niliiona kadi. Ilikuwa kwenye fremu ya kioo, juu ya kitanda, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na tasbihi ya Rajab iliyoning'inizwa kwenye msumari. Aliniwekea ugali wa muhogo na mtama, na samaki katika karanga, akanikatalia kusaidia hata kubeba sahani. Alikuwa anapanga mambo ya Julai ijayo: mbuzi, sheikh, katekista, shemeji zake kutoka Arua. Jirani yake, mzee aliyewahi kukaa nao kambini, alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Mama Zubeda akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akinimenyea ndizi, "Mimi miaka yote nasema mvua, mvua. Kumbe ni akili yangu. Julai hapana mvua." Yule mzee akaitikia haraka. "Julai? Kavu kabisa! Hata mimi nakumbuka. Ile lori inatoka, vumbi tupu." Nikamuuliza mama, na buti? "Buti? Labda nilikuwa naota," akasema. Kisha akacheka, akaniwekea ndizi sahanini.

Sijui kueleza vizuri nilivyoshtuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa analia, wote walikuwa wanafurahi, na redio ya jirani ilikuwa inapiga muziki. Lakini nilikuwa nimemsikia mwanamke huyu miezi michache tu nyuma akiitoa ile mvua kinywani kana kwamba ilikuwa bado inamdondokea, na sasa alikuwa ameikana mwenyewe, buti na matope na kile kicheko cha dirishani, kwa sababu karatasi yetu ilisema vingine. Kitu kingine ni kwamba nilijua niliandika nini. Niliandika mwaka. Nilimuaga vibaya, nikasahau hata kushukuru, na njia nzima hadi Lubaga nilikuwa ninasema peke yangu hata kondakta wa teksi, kama wanavyoita matatu huko, akaniuliza kama niko salama.

Bwana Kiwanuka alikuwa anakula. Nilimuuliza alikoipata siku ya Rajab. Akaniambia, si wewe uliyeileta? Alinawa mikono, akafunua kompyuta, akaifungua programu, nami nikasimama nyuma ya kiti chake. "Andika mwaka peke yake," nikasema. Aliandika mwaka wowote, wa kubahatisha, akabonyeza. Kompyuta ikatupa tarehe kamili, siku na mwezi na mwaka, safi, kwa herufi nzuri. Siku na mwezi vilikuwa vya leo. Akaandika mwaka mwingine. Siku ya leo tena. Akaandika mwezi na mwaka, mashine ikachukua siku ya leo ikaipachika. Alifanya hivyo mara nyingi, polepole, kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Kisha tukafungua maelezo ya ile maktaba, na jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa humo waziwazi: sehemu yoyote ya tarehe ikikosekana, itajazwa kutoka siku ya leo. Waliotengeneza walikuwa na sababu yao. Walifikiria mtu anayeandika "saa nne" akiwa na maana ya saa nne ya leo. Hawakumfikiria mjane wa Namuwongo. Tulikuwa tumekatazana kuwabana watu wasije wakabuni siku, halafu tukaikabidhi mashine ikawabunia wote, bila kubanwa na mtu.

"Kitalo," alisema Bwana Kiwanuka. Ni neno ambalo Waganda humwambia aliyefiwa. Alilisema tena na tena, akipitia madaftari. Kumi na saba Julai ilikuwa siku ile aliyopiga kadi nilipokuwa mjini, na kila mtu aliyeandikwa mwaka tu katika fungu lile alikuwa amepotea kumi na saba Julai. Fungu lililofuata wote walipotea siku moja ya Agosti. Familia ambazo hazikujuana, wilaya mbalimbali, miaka mbalimbali, zote zilikuwa zimepokea siku moja ya msiba, na siku hiyo ilikuwa ni sisi tu tumekaa pale na matoke yetu. Upande wa pili wa mbao fundi mmoja alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyosahau siku ya arusi yao, na wenzake wanacheka. Niliketi sakafuni. Bwana Kiwanuka alipendekeza tupige kadi mpya, tuzipeleke kimya, tuseme zile zilikuwa na kosa la uchapaji. Nilimjibu kwa sauti ambayo msichana hapaswi kumjibia mtu wa umri wa baba yake. Nikamwambia Mama Zubeda ameacha kuamini macho yake kwa ajili ya kadi yetu, na kadi nyingine haitayarudisha. "Basi nani atamwambia, Rozi?" Nilimwambia nitakwenda mimi, yeye aende kwa wengine, na kusema kweli alikwenda, nyumba kwa nyumba, mwalimu wa watu, mpaka viatu vyake vikatoboka.

Nilimkuta Mama Zubeda Ggaba, kwenye meza yake ya samaki, akiwageuza sangara ili upande wa pili upate jua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya kitaalamu, yakanipotea yote. Nikamwambia kwa kifupi: mama, mashine haikuijua siku. Ulinipa mwaka, yenyewe ikajaza siku ya kupiga kadi. Mzee hakuondoka Julai, au kama aliondoka Julai hakuna anayejua. Wewe ulisema mvua. Aliendelea kugeuza samaki, mmoja, mwingine, kisha akaacha. Nilitegemea alie. Hakulia hata kidogo. Alinyoosha kisu chake kuelekea kwangu, si kwa kunitisha, kilikuwa tu ndicho alichoshika. "Mara ya kwanza lori nachukua yeye," akasema. "Sasa wewe nachukua siku yake." Nikaanza kujieleza. "Nyamaza! Kama hiyo siku ni uongo, basi mimi nililia nini?" Wenzake wa meza za jirani walikuwa wamesimama wote. "Toka hapa, Mkenya. Toka na kompyuta yako." Nilitoka. Nilipanda teksi ya kurudi mjini nikiwa na magamba ya samaki kwenye sketi, na nilichokihisi kilikuwa zaidi ya huzuni. Nilikuwa nimepigwa na butwaa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuambiwa ukweli kwa nia njema akabaki na kidogo kuliko alichokuwa nacho asubuhi.

Krismasi ikapita, Januari na Februari na jua lake likakausha kila kitu, na hakuja. Bwana Kiwanuka alikuwa ameirekebisha programu: kilichokosekana kilibaki kimekosekana, na chini ya tarehe aliweka mstari mtupu wa kuandika maneno ya mtu kama alivyoyasema. Mvua ya kwanza ya Machi ilinyesha mchana, ile ya kupiga mabati mpaka huwezi kusikiana. Mafundi cherehani walinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu niwajue. Mlango ukafunguliwa akaingia Mama Zubeda, amelowa kuanzia kichwani, kanga imemshika mwilini, maji yanamwagika sakafuni. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Andika," akasema. Nikamuuliza niandike nini, mama. "Andika mvua." Akaanza upya, sigiri, buti, lori, matope, wanaume wanasukuma, Rajab anacheka dirishani. Niliona safari hii alikuwa na mambo ambayo Julai hakuyasema: buti ya kushoto ilikuwa na kiraka, na alipocheka alimwita jina la utani ambalo aliniomba nisiliandike. Nililia mimi. Yeye alikuwa anatetemeka kwa baridi na uso wake ulikuwa umetulia. Tulimpigia kadi mpya: mwaka, na chini yake, mvua ilikuwa inanyesha. Akaikunja, akaitia kifuani, akanywa chai yetu ya tangawizi, akaenda zake.

Kuanzia hapo, kila mwaka, hata baada ya mimi kurudi Kenya na kuolewa na kuzeeka, Machi ikifika simu ilikuwa inalia. "Imenyesha," angesema. Nami nasema, "Imenyesha, mama." Hatukuongeza neno. Mume wangu alidhani ni habari za shamba. Machi hii simu haikulia, na wiki chache baadaye ikalia kwa namba yake na sauti ya Zubeda.

Misa ilipokwisha tulisimama uani tukingoja gari litakalompeleka mama Arua. Zubeda ni mwanamke wa makamo sasa, mrefu kama mama yake, ana watoto wake na ushungi mweusi wa msiba. Alinikumbatia. "Aunti Rozi, umeona tumeweka na baba kwa ratiba?" Nikasema nimeona. Nikamuuliza, kwa sauti niliyojaribu kuishusha, nani aliwapa ile tarehe. Akanishangaa. "Si kadi yenu! Iko kwa ukuta mpaka leo. Kila Julai tunakutana wote, shemeji, wajukuu, sheikh anasoma. Mama hata akiwa mgonjwa alikuwa anapika." Nikauliza mama alikuwa akisema nini siku hiyo. "Hakuwa anasema kitu. Anaangalia watoto vile wanakula tu." Basi nikaelewa. Kadi ya pili hakumwonyesha mtu. Aliwaachia watoto siku yao ya kukusanyika, kwa sababu watoto walihitaji siku, na mvua akaiweka kwake, na kila Machi alikuwa ananipa mimi nimshikie kidogo.

Ningeweza kuiacha hapo. Nilikwisha kuamua kuiacha. Ndipo Zubeda akatazama barabarani, akapunguza sauti kama mtu anayetoa kitu cha thamani. "Hata mimi naikumbuka ile siku, aunti. Watu wanasema nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka. Nilikuwa mgongoni kwa mama. Jua kali. Lori linaenda, vumbi linaruka nyuma yake, sioni baba." Alifuta macho. Lilikuwa chozi la kweli. Nilimtazama mwanamke huyu mzima akimlilia baba yake ndani ya vumbi ambalo halikuwahi kuwepo, vumbi la maktaba yetu. Hakuna kitu kilichowahi kunishtua hivyo, hata siku ile ya kompyuta, hata kile kisu cha Ggaba. Nikamshika mkono, nikamvuta hadi kwenye ngazi za kanisa.

"Kaa," nikamwambia. "Kabla gari halijaja. Nataka nikwambie kuhusu buti za baba yako."

"Buti gani?"

"Zilikuwa zimelowa. Mvua ilikuwa inanyesha."

Alininyang'anya mkono wake. "Aunti, kwani wewe ulikuwepo?"

"Hapana," nikasema. "Mama yako alikuwepo."